Minyoo wekundu kwenye lambo: wasome kabla hujamwaga dawa

Mwezi wa kwanza, maji ya lambo yakishashuka na kuacha ukingo mpana wa matope yaliyochimbwa na kwato, ndipo maswali yanapoanza. Huku Karamoja, kwenye mabwawa ambako Mkaramoja, Mturkana aliyevuka mpaka na askari wa kambini wanaelewana kwa Kiswahili tu, swali huja hivi: "Mwalimu, maji yameingia minyoo. Tuweke dawa gani?"

Hakuna dawa. Nikisema hivyo wazee huguna, maana mtu aliyeitwa kutoka shuleni na akaja na daftari anatarajiwa angalau aandike jina la kitu cha kununua. Ninachowapa ni kazi ya asubuhi mbili, na ndiyo kazi ninayoieleza hapa. Inafaa kwa lambo lolote la kina kifupi, liwe la Moroto, Napak au Kaabong, au yale ya wafugaji wa Nakasongola na Kiruhura.

Lugha yetu nayo inachangia hofu. Neno "minyoo" tunalitumia kwa yule wa tumboni anayetolewa kwa kidonge, na kwa huyu wa kwenye tope ambaye hajawahi kuishi ndani ya mtu na hawezi. Yule wa shambani tumempa jina lake la heshima, nyungunyungu, na hakuna anayemkimbia. Huyu wa lambo ni ndugu yake wa karibu, kwa hiyo nitamwita nyungunyungu wa majini.

Kwanza, hakikisha ni yeye

Chota maji kidogo pamoja na mdudu mwenyewe, mwaga kwenye sahani nyeupe, kaa juani, umwangalie dakika mbili nzima bila haraka.

Nyungunyungu wa majini hana kichwa cha kuonekana, hana jicho, hana mguu. Ni pingili tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, laini, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ukimgusa anajiviringa. Wakiwa wengi kwenye sahani hushikana na kufanya donge jekundu linalotetemeka, na hilo donge ndilo linalowafanya watu waache kunywa chai.

Mwenzake anayefanana naye kwa rangi ni buu la wale wadudu wadogo wanaopaa juu ya Ziwa Victoria kama moshi. Huyu ana kichwa kigumu cha kahawia, ana vijiguu viwili vifupi chini ya kichwa na vingine viwili mkiani, na akiogelea hujipinda kama anaandika namba nane. Nawaambia haya kwa sababu yalinipata. Mwaka wangu wa kwanza kama katibu wa kamati ya maji nilisimama mbele ya watu nikatangaza idadi ya kutisha ya minyoo. Kijana mmoja mchunga mbuzi akachungulia sahani yangu, akasema, "Mwalimu, mbona mnyoo wako ana miguu?" Watu walicheka mpaka mkutano ukaisha.

Wote wawili ni wekundu kwa sababu ileile inayofanya damu yako iwe nyekundu, himoglobini. Inawawezesha kunasa hewa ya oksijeni mahali ilipo kidogo sana, ndani ya tope ambamo wadudu wengine wangekufa.

Wengine utakaowakuta: ruba ni bapa, ana kinyonyaji mbele na nyuma, na hutembea kama fundi anayepima kitambaa kwa shubiri. Yule mrefu, mweusi, mgumu kama unywele wa mkia wa ng'ombe, hutoka tumboni mwa panzi na nyenje wanaoanguka majini. Hana ubaya na mtu, ila ndiye anayewashtua zaidi wazee wa kaskazini, kwa sababu wanamkumbuka mnyoo wa Gini. Waambieni kwa utulivu: Uganda ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imemaliza mnyoo wa Gini mwaka 2009, na hata enzi zake hakuwa akiogelea mbele ya macho ya watu. Aliingia mwilini akiwa ndani ya kijidudu kidogo mno cha majini, ndiyo maana kuchuja maji kwa kitambaa kulisaidia kumshinda.

Nyungunyungu wenyewe si wa aina moja. Wale wadogo, weupe au wa rangi ya majani makavu, wanaokaa kwenye magugu na kuogelea kidogo, huongezeka kwa kujikata vipande na kila kipande kikawa mnyoo kamili. Wakijaa kwenye magugu usishtuke. Wanaonihusu mimi ni wekundu wa kwenye tope, wanaochimbia kichwa chini na kuacha mkia juu ukipunga majini. Mkia ndio unaovuta hewa. Ukimwona mmoja aliye mkubwa kuliko wenzake, na nusu ya nyuma ina nyuzi zilizopangana kama meno ya kitana, huyo ni Branchiura sowerbyi, mpenda joto. Alielezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1892, tena kwenye tangi la mayungiyungi katika bustani ya Regent's Park, London.

Vifaa

Bomba la plastiki la maji taka, lile pana la inchi nne, kipande cha urefu wa mkono. Chekeche la unga lenye matundu ya kama nusu milimita. Chekeche likikosekana, chujio la chai litafaa, lakini neti ya mbu ina matundu mapana mno na minyoo watapita. Ndoo mbili, sahani nyeupe, mfuniko wa kopo la rangi uliopakwa rangi nyeupe na kufungwa kamba yenye mafundo kila sentimita kumi. Daftari. Buti za mpira na glavu ndefu, na hivi viwili usiviache: konokono wa malambo huweza kubeba kichocho, na vimelea vyake huingia kwenye ngozi iliyolowa bila wewe kusikia kitu. Kwa kawaida hutoka kwa wingi jua likishapanda, kwa hiyo kazi ya majini ifanyike mapema. Tena usiingie peke yako. Tope la lambo linalokauka limewahi kuwashika ng'ombe, seuze wewe.

Asubuhi ya kwanza: kabla jua halijatoka

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanafika saa tano, maji yanameta, samaki hawaonekani kuhangaika, wanaandika "maji mazuri".

Lambo la kina kifupi huishi msimu mzima ndani ya siku moja. Mchana jua hupasha maji ya juu, mwani hutoa oksijeni, juu kunakuwa na neema. Usiku mwani haufanyi kazi hiyo, kila kiumbe kinavuta hewa, pamoja na bakteria wanaoozesha kinyesi chini, na upepo na baridi vinakoroga maji ya juu na ya chini pamoja. Nchini kwetu jambo hili lilichunguzwa sana kwenye Ziwa George kuanzia mwaka 1966: ziwa lipo pale ikweta, kina chake cha wastani ni mita 2.4 tu, na wachunguzi walikuta maji yanajipanga tabaka mchana kisha yanachanganyika tena usiku, karibu kila siku. Lambo lenu ni mdogo wake. Saa ya njaa ya hewa ni alfajiri.

Basi fika alfajiri, ukae kimya ukingoni. Tazama kama ngege wanapumulia juu, midomo ikigusa hewa. Kambale usimhesabu, yeye huja juu kuvuta hewa hata siku njema. Kama una kipimo cha oksijeni au umekiazima kwa afisa wa uvuvi, kumbuka kwamba kwa mwinuko wetu wa mita elfu moja na mia mbili hivi, maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni yana kama miligramu 7 kwa lita. Tano ni salama kwa samaki. Chini ya mbili, wengi wao wako taabani.

Halafu angalia maji ya kifundo cha mguu, mahali tope limetulia. Utaona kama zulia fupi jekundu linalopunga. Piga mguu chini taratibu: zulia lote linazama mara moja. Hewa inavyopungua majini ndivyo minyoo hawa wanavyotoa mkia nje zaidi na kuupunga kwa nguvu zaidi, kwa hiyo zulia refu alfajiri ni habari hata kabla hujahesabu kitu.

Jua likitoka, teremsha mfuniko mweupe majini upande wa kivuli chako mpaka upotee machoni, uhesabu mafundo. Andika. Kwenye malambo ya udongo mwekundu mfuniko hupotea mapema sana hata pasipo uchafu wa kinyesi, kwa sababu udongo wenyewe umeyavuruga maji. Namba hii ni ya kulinganisha lambo na lambo lenyewe, mwezi hadi mwezi.

Asubuhi ya pili: kuchota tope

Chagua sehemu tatu: pale ng'ombe wanaponywea, pale mto wa mvua unapoingilia, na upande wa tuta ambako kina ni kirefu zaidi lakini unafikika. Kila sehemu chota mara tano, kwa umbali wa hatua mbili tatu.

Simika bomba wima, lisukume ndani ya tope kiasi cha kiganja na nusu, ziba tundu la juu kwa mkono wenye glavu, ng'oa. Tope litabaki ndani kama keki. Lisukume litoke kwenye ndoo, na kabla hujalivunja litazame ubavuni. Tope la kahawia juu na la kijivu chini ni la kawaida. Likiwa jeusi kuanzia juu kabisa na linanuka yai viza, hewa imekwisha humo.

Machoto matano ya sehemu moja yachanganye ndoo moja, ongeza maji, koroga kwa mkono bila kukamua, pitisha kwenye chekeche kidogo kidogo. Kilichobaki kiweke kwenye sahani. Ukipata takataka nyingi kuliko wadudu, kuna ujanja wa maabara unaofanyika hata jikoni: yeyusha sukari kama gramu 350 kwa lita ya maji, mimina, na wadudu wataelea huku mchanga ukibaki chini. Kwa bei ya sukari ya siku hizi mke wangu ameniruhusu mara moja tu.

Hesabu vichwa. Nyungunyungu hawa hukatika ovyo kwenye chekeche, na mtu asiyejua atahesabu mnyoo mmoja mara tatu. Kipande kisicho na ncha ya mbele kiache. Hesabu pia wote waliobaki, kila kundi kwa mstari wake: mabuu mekundu, konokono, ruba, mabuu ya kereng'ende, mbawakawa wa maji, na wale wadogo wenye mikia mitatu kama nyuzi ambao wakikua huruka na kuishi siku chache tu.

Sasa hesabu ya darasa la sita. Bomba la upana wa ndani wa sentimita 10 lina eneo la sentimita za mraba 78.5. Mara tano ni 392.5. Mita moja ya mraba ina 10,000, kwa hiyo kila idadi uliyoipata kwenye machoto matano izidishe kwa 25.5. Ukihesabu minyoo 60, una kama 1,530 kwa mita ya mraba. Bomba lako likiwa na upana mwingine, pima, rudia hesabu. Na chekeche usilibadilishe katikati ya mwaka, maana matundu yakipungua minyoo "wataongezeka" kwenye daftari tu.

Kuzisoma namba

Kuna vipimo viwili vya zamani vinavyotumika bado, vyote vya Marekani. Kimoja, cha miaka ya 1950 kutoka Ziwa Erie, kinasema minyoo wa tope wakiwa 100 hadi 999 kwa mita ya mraba uchafuzi ni mdogo, 1,000 hadi 5,000 ni wa kati, wakizidi 5,000 ni mkubwa. Kingine, cha watafiti Goodnight na Whitley, kinaangalia sehemu yao kati ya viumbe wote wa tope: chini ya asilimia 60 hali ni nzuri, 60 hadi 80 ina mashaka, zaidi ya 80 maji yamelemewa.

Mimi nakiamini zaidi hicho cha pili, na hata hicho kwa tahadhari. Kule maji ni baridi na mnyoo hukua polepole. Kwetu joto linamkuza haraka mwaka mzima, na lambo lililokauka Machi haliwezi kulinganishwa na ziwa ambalo halijawahi kukauka. Zaidi ya hapo, idadi peke yake hudanganya pande zote mbili. Lambo lililojaa ngege na kambale lina minyoo wachache kwa sababu wameliwa. Lambo ambalo juzi maji ya kuogeshea mifugo dawa ya kupe yalitiririkia ndani linaweza kuwa na tope lisilo na mdudu hata mmoja, na mtu akalisifu kwa usafi. Tope tupu linanitia wasiwasi kuliko tope lenye minyoo elfu mbili.

Kwa hiyo nauliza: nani hayupo? Nikikuta nyungunyungu 1,500 pamoja na kereng'ende, wenye mikia mitatu, konokono na mbawakawa, naandika kwamba lambo linakula kinyesi lakini bado linakimeng'enya. Nikikuta 1,500 hao hao pamoja na mabuu mekundu tu, wengine wote wametoweka, basi hewa ya alfajiri haiwatoshi tena. Na nikikuta hivyo upande wa kwato peke yake, huku upande wa tuta una kila mtu, chanzo nimeshakijua bila kupeleka sampuli popote. Ndiyo sababu ya kuchota sehemu tatu.

Mnyoo mwenyewe hakuleta uchafu. Hula tope lenye bakteria waliolishwa na kinyesi, akimeza chini na kutoa juu, siku nzima, kama kinu. Kazi hiyo inapeleka hewa kidogo ndani ya tope, na wakati huo huo inapandisha juu rutuba iliyozikwa, ikiwemo fosforasi, ambayo mwani huifurahia. Kwenye maji mafupi yanayokorogwa kila usiku rutuba hiyo haikai chini. Lambo lenye maji ya kijani kama rangi ya kupaka, yenye utando unaonuka, lina mwani wa aina inayoweza kuwa na sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Hapo zuia watu na mifugo upande wenye utando, na umwite afisa wa maji wa wilaya siku hiyo hiyo. Maabara ya wizara ya maji iko Entebbe, na watu wa uvuvi wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, wako Jinja. Wakija wakute daftari lako.

Kwa nini nasema usimwage dawa

Jirani wa bonde la pili walimwaga. Dawa ya kupe, mitungi miwili, usiku. Wa kwanza kufa walikuwa samaki na kereng'ende, wanaoishi juu ambako dawa ilifika kwanza. Mizoga ikaoza, ikala hewa iliyobaki. Minyoo walio ndani ya tope waliguswa mwisho, na aina nyingine zao hujifunga kwenye kifuko na kusubiri shida ipite. Waliporudi walikuta meza imeandaliwa na hakuna wa kuwala. Na maji yale watu walikuwa wanakunywa.

Kinachofanya kazi kiko nje ya maji. Ng'ombe asiingie. Boma la miiba kuzunguka lambo, bomba kupitia chini ya tuta, birika la kunyweshea upande wa chini ambako kinyesi hakirudi. Ng'ombe wetu wa kienyeji hunywa lita 25 hivi kwa siku, kwa hiyo hesabuni mifugo kabla ya kujenga birika, mkihesabu na ya wageni wa kiangazi. Birika dogo ndilo linalovunja boma. Jambo hili lipitishwe na wazee wa pande zote, akiwemo mzee wa Waturkana, na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, awepo kusikia. Boma lililowekwa na kamati peke yake niliwahi kuona watu wakiliota moto jioni ya tatu, limekuwa kuni tu.

Upande mto unapoingilia, achieni ukanda wa nyasi usiolishwa, na chimbeni shimo la kunasa tope kabla ya maji kufika lambo. Mahali pa kuogeshea mifugo dawa pahamishwe kwenye mteremko mwingine kabisa. Lambo likikauka, zoeni tope jeusi mlipeleke mashambani. Mtama unalipenda.

Maji ya kunywa ya leo usiku yachujwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, yaachwe yatulie, yachemshwe. Mnyoo kwenye jerikeni anakuambia umechota tope, basi chota mbali na ukingo.

Rudia machoto mara mbili kwa mwaka: mwezi wa pili maji yakiwa chini kabisa, na mwezi wa tisa mvua zikimalizika. Sehemu zile zile, bomba lile lile, saa ile ile. Boma likishawekwa usitegemee mabadiliko msimu wa kwanza, kwa kuwa kinyesi cha miaka bado kimo ndani ya tope. Kwenye lambo letu mstari wa nyungunyungu haujashuka sana, ila mwezi wa tisa uliopita, upande wa kwato, niliandika kwa mara ya kwanza: mikia mitatu, wanne.